Likizo ya Siku 28, Notisi ya Siku 21

Mdogo wangu alinipigia simu saa nne usiku. Kwetu Ujiji simu ikilia saa hizo, mtu hujishika kifua kwanza ndipo apokee. "Dada, hakuna msiba," akaanza yeye mwenyewe, maana anatujua. "Nataka kesho unipitie bomani, uniulizie leseni ya ndoa."

"Leseni ya nini?"

"Ya ndoa, dada. Ile ya kuruhusiwa kuoa."

Mdogo wangu anaendesha foklifti kwenye ghala moja Dar es Salaam, na jioni zake humalizikia kwenye filamu za Kimarekani. Huko ndiko alikoiona hiyo leseni: mtu na mchumba wake wanaingia ofisini na vitambulisho, wanatoka na karatasi, kesho yake wako mbele ya mchungaji. Baadaye nilisoma nikakuta hajadanganywa sana. New York ukishapewa leseni unasubiri saa 24, na usipoitumia ndani ya siku 60 inakufa. Las Vegas hata kusubiri hakuna, na ofisi ya kutolea leseni iko wazi mpaka saa sita usiku, kila siku ya Mungu. Kwa hiyo kijana hakuwa anaota. Alikuwa anaota nchi nyingine tu.

Asubuhi nikapanda daladala hadi mjini. Huku tunasema "bomani" hata kama jengo lenyewe halikujengwa na Mjerumani. Ofisi ya wilaya ni bomani, na ndoa ya serikali ni "ndoa ya bomani", nayo husemwa kwa sauti ya chini kidogo, kana kwamba walioifunga walitoroka. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mbele yake vitabu virefu vya kuandikishia ndoa. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu: leseni ya ndoa.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni shehe?"

"Hapana, mama."

"Mchungaji?"

"Hapana."

"Basi leseni unaitakia nini?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kwa miaka yangu 38 sikuwa nikilijua, mimi niliyehudhuria ndoa zisizo na idadi na kubeba masinia kwenye nusu yake. Kwetu Tanzania Bara mwenye leseni ni anayefungisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka kiongozi wa dini anayefungisha ndoa awe amepewa leseni na Msajili Mkuu, na kazi hiyo siku hizi iko chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Shehe, padre, mchungaji, wote humo. Bwana na bibi harusi wao wanatakiwa kutoa notisi: taarifa ya maandishi kwamba wanakusudia kuoana, itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya siku yenyewe.

"Kuna leseni ya wanandoa," mama wa bomani akaongeza, nadhani aliniona nimenywea. "Msajili Mkuu anaweza kuwaondolea hiyo notisi kwa leseni maalumu, kama kuna sababu ya kutosha. Ndugu yako ana sababu gani?"

"Likizo yake ni fupi."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Na huyo Msajili Mkuu yuko Dar es Salaam. Ndugu yako yuko wapi?"

Yuko Dar es Salaam.

Nikampigia pale pale nje, chini ya mti, nikamwambia ofisi anayoitafuta iko upande wake wa nchi, lakini asijisumbue kwenda, maana likizo si sababu. Tukapiga hesabu kwenye simu. Likizo yake ya mwaka ni siku 28. Treni ya kuja Kigoma inakula siku mbili na ushei. Akiondoka Jumatatu, siku ya kwanza ya likizo, Jumatano yuko stesheni yetu. Alhamisi tukusanye karatasi, Ijumaa wasaini notisi. Siku 21 zikitimia ni Ijumaa nyingine, siku ya 26 ya likizo. Wafunge ndoa asubuhi hiyo, wale pilau, Jumamosi alfajiri apande basi na mkewe. Inabaki siku moja ya kupumua, na hiyo ataimalizia ndani ya basi.

"Nikikosa treni ya Jumatatu?" akauliza.

"Basi utaoa mwakani."

Lazima nieleze kwa nini ilikuwa bomani. Sisi ni watu wa Ujiji, Waislamu tangu babu wa babu. Mchumba wa mdogo wangu ni Mha wa Kasulu, Mkristo, na alikwishasema mapema kwamba habadili dini wala hataki mtu abadili kwa ajili yake. Anafanya biashara ya dagaa Kibirizi, ananunua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, anaanika, anafunga magunia. Wazee wa pande zote mbili walipoona hakuna mwenye kushinda, wakakubaliana kwamba ndoa iende mahali ambapo wote wameshindwa. Hapo ndipo sheria ile ya 1971 inapokuwa na manufaa yake. Ilitungwa baada ya serikali kutoa mapendekezo yake mwaka 1969, ikaziweka chini ya paa moja ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali. Watu wa dini mbili wanaweza kuoana bomani na ndoa yao ikawa na uzito ule ule. Zanzibar sheria hii haifiki, wana utaratibu wao.

Masharti yenyewe, ukiyatoa kwenye lugha ya mawakili, si mengi. Mwanamume na mwanamke, kila mmoja akubali kwa hiari yake. Wasiwe ndugu wa kukatazwa: mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu, kaka, dada, shangazi, mjomba, mpwa, na hata aliyewahi kuwa mke au mume wa mzazi wako. Binamu hawamo, kwa hiyo wazee kadhaa wa mtaa wetu wamesalimika. Mwanamke asiwe na mume aliye hai ambaye hawajaachana kisheria, na mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja asiongeze mwingine kwa njia yoyote ile. Aliyewahi kuoa au kuolewa aonyeshe cheti cha kifo cha mwenzake au talaka ya mahakama. Karatasi ya talaka iliyoandikwa barazani peke yake haikufungulii mlango. Wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Ofisini watakuomba pia vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho na picha ndogo. Mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuleta uthibitisho wa kwao kwamba hana ndoa nyingine, na kwa mji wetu hilo si jambo la mbali. Kwenye benchi siku ile nilikaa na kijana wa Kalemie aliyetumwa hiyo hiyo karatasi. Yeye alikuwa anacheka tu: ubalozi mdogo wa Kongo uko hapa hapa Kigoma, na wa Burundi pia, kwa hiyo wa ng'ambo ya ziwa ana nafuu kuliko Mzungu.

Halafu kuna umri, na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu ya mama mkubwa wangu.

Mama mkubwa aliolewa mwaka 1973 akiwa na miaka 15. Sheria ilikuwa na miaka miwili tu, na ilisema hivi: mwanamume 18, mwanamke 15, na akiwa chini ya 18 baba atoe ridhaa. Baba alitoa. Kwa maneno mengine, kila kitu kilikuwa halali, isipokuwa hakuna aliyemuuliza. Kifungu hicho kilidumu miaka mingi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vile vya umri vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo ikabadilishwa: kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Nilipomsomea mama mkubwa habari ya ile hukumu alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye sana akasema, "Kumi na nane ningekuwa nimemaliza shule." Hakuongeza neno.

Nitarudi kwake.

Treni haikuchelewa, jambo ambalo katika familia yetu limeingia kwenye historia. Ijumaa asubuhi tulikuwa bomani watatu: mdogo wangu kavaa shati la kunyoosha, wifi kaja moja kwa moja kutoka Kibirizi, ananukia dagaa na manukato kwa pamoja, na mimi nimebeba bahasha. Yule mama akatupa fomu ya notisi. Majina, umri, mnakoishi, majina ya wazazi, kama mmewahi kuoa au kuolewa, tamko kwamba nyinyi si ndugu. Wakajaza vizuri, mmoja akimsomea mwenzake. Wakafika kwenye aina ya ndoa. Mke mmoja, au wake wengi.

Kalamu ya mdogo wangu ikasimama hewani.

Sheria inadhania. Ukifunga ndoa ya Kiislamu au ya kimila, inachukuliwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukifunga kwa njia nyingine yoyote, inachukuliwa ni ya mke mmoja. Lakini fomu haidhanii, inauliza. Na hawa wawili, waliopendana miaka mitatu, waliojadili dini, watoto, Dar au Kigoma, nani atamtunza bibi, hawakuwa wamewahi kukaa wakaulizana swali hili kwa mdomo. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, akidhani mwenzake analijua.

"Mjomba alisema tusiandike la mke mmoja," mdogo wangu akasema polepole, macho kwenye karatasi. "Alisema mwanaume hajifungii mlango."

Wifi akageuka. "Kwani naolewa na mjomba?"

"Sijasema nitaoa mwingine. Nasema tu, kuandika..."

"Mimi nikimuuzia mtu wa Lubumbashi gunia la dagaa," wifi akasema, bila kupandisha sauti, "siandiki 'gunia moja au zaidi, tutaona'. Naandika moja. Akitaka la pili anarudi tunaongea upya."

Yule mama alikuwa anapanga karatasi zake kama hasikii, lakini hapo akaingilia. Akawaeleza kwamba sheria kweli inaruhusu kuongea upya: wanandoa wanaweza kuibadilisha ndoa yao kutoka aina moja kwenda nyingine, ila waende wote wawili mbele ya hakimu au jaji, watoe tamko la pamoja, kila mmoja kwa hiari yake. Mume hawezi kwenda peke yake. Na waliofunga ndoa kanisani, maadamu wote wawili bado ni Wakristo, hawawezi kabisa kuigeuza iwe ya wake wengi.

"Kwa hiyo mlango una funguo mbili," wifi akasema. "Mmoja ninao mimi. Andika."

Akaandika. Nimehudhuria mafunzo ya mwali, kesha na semina za wachumba, na sijawahi kuona kitu kikiwalazimisha watu wawili kusemezana ukweli kama kile kisanduku kidogo kwenye karatasi ya serikali.

Tulipomaliza mdogo wangu akauliza, kwa utani, kama siku 21 haziwezi kupunguzwa ziwe 14, maana wao wameshajuana vya kutosha. Yule mama akagonga muhuri, akasema, "Hizi siku si zenu. Ni za watu wengine."

Wakati ule niliona ni jibu la ofisini tu. Akachukua karatasi akaenda kuibandika kwenye ubao wa matangazo, katikati ya tangazo la mnada na tangazo la kupotea kwa hati. Ikakaa pale, majina ya mdogo wangu na wifi yakipigwa upepo wa ziwa.

Mama yake wifi alipoelezwa akaelewa haraka kuliko sisi sote. "Kama kanisani," akasema. Kwao matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu: la kwanza, la pili, la tatu, mwenye kizuizi aseme. Wiki tatu. Hata sisi upande wetu tunalo jambo hilo, ila halina karatasi. Mshenga anapopeleka posa, wazee huomba muda wa "kuulizia", na katika muda huo shangazi wawili hutumwa kusikoelezwa, hurudi na habari.

Anayeweza kuweka pingamizi ni yeyote anayejua sababu ya kisheria ya kuizuia ndoa. Lakini kuna pingamizi moja lililonishangaza. Mume wa ndoa ya wake wengi akitaka kuongeza mke, mke aliyepo anaweza kupinga, na sheria imemwandikia sababu zake. Anaweza kusema kipato cha mume hakitoshi, na kuongeza mwingine kutamtesa yeye na watoto. Anaweza kusema huyo anayekuja ana sifa mbaya inayojulikana wazi, au ana ugonjwa wa kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Nilisoma mara mbili. Tangu 1971! Mama zetu wangapi walikuwa na silaha hii kabatini bila kuambiwa? Na notisi ya aina hiyo inatakiwa itaje wake waliopo kwa majina, kwa hiyo huwezi kuijaza ukawasahau.

Ila pingamizi linataka uione notisi. Na notisi inataka mtu aitoe.

Mume wa mama mkubwa alikuwa mtu wa reli. Alisafiri, akarudi, akasafiri tena, mshahara ukifika nyumbani kwa sehemu, na hakuna aliyehoji kwa sababu reli ni reli. Alipofariki, siku ya pili ya matanga akaingia mwanamke kutoka Uvinza na watoto wawili, pua zile zile, akakaa na sisi kwenye mkeka akalia kama tunavyolia. Alikuwa mke. Tena mke wa ndoa, na cheti anacho, kiko kwenye bahasha ya plastiki, maana shehe aliyewafungisha huko alikuwa mtu wa kujaza fomu. Kisheria hakuwa na kosa lolote. Ndoa ya Kiislamu inaweza kuwa na wake zaidi ya mmoja. Wala simchukii, siku hizi akija mjini hufikia kwetu. Lakini mama mkubwa aliishi miaka mingi na mwenzake asiyemjua, na ile nafasi ya kusema neno, hata kama angesema "sawa", alinyimwa. Hakuna notisi iliyobandikwa popote ambapo angeiona.

Hilo lilikuwa la moyoni. La madirishani likafuata. Mama mkubwa hakuwa na cheti. Nikaha yake ya 1973 ilifungwa barazani, mchana kweupe, mtaa mzima unajua, ila karatasi haikuandikwa, au iliandikwa ikabaki kwa mtu ambaye naye alishakufa. Tukaenda ofisi moja iliyohusika na malipo ya marehemu. Kijana wa dirishani akamwambia, kwa adabu kabisa, "Mama, huyu mwenzako ana cheti. Wewe una nini?"

Una nini. Miaka zaidi ya arobaini na watoto sita.

Sheria, nilikuja kuisoma wakati huo kwa hasira, iko upande wake. Inasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya msingi ni halali hata kama haikuandikishwa. Hata kama notisi haikutolewa. Hata kama aliyefungisha hakuwa na leseni, isipokuwa pale ambapo wanandoa wote wawili walilijua hilo. Hata kama mila za mahari hazikutimizwa. Inasamehe karibu kila kitu cha karatasi. Lakini sheria haikai dirishani. Anakaa mtu mwenye orodha ya viambatanisho, na kwenye orodha hakuna mahali palipoandikwa "asamehewe". Ikabidi barua ya serikali ya mtaa, viapo mahakamani, na wazee wawili walioshuhudia nikaha. Tulipoanza kuwatafuta, mmoja alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla. Alipatikana wa pili, haoni vizuri, akapelekwa mahakama ya mwanzo kwa bajaji akaeleza alivyokula ubwabwa siku ile na nani alikaa wapi. Mama mkubwa alisikiliza maisha yake yakithibitishwa na ubwabwa. Mwisho alipata haki yake, baada ya zaidi ya mwaka.

Ndiyo maana wakati wa kikao cha mahari cha mdogo wangu, wajomba wakibishana na wazee wa Kasulu juu ya ng'ombe wanaohesabiwa kwa fedha, mjomba aliposema kwa sauti kwamba "bila mahari kumalizika hakuna ndoa", nilikuwa na kifungu chote kinywani. Kisheria mahari isipomalizika ndoa haiharibiki. Sikukisema. Kuna sheria unazozijua na kuna mjomba wako. Tukamaliza mahari.

Na wale wanaoniambia "sisi tunaishi tu, baada ya miaka miwili sheria inatutambua", nawajibu wasome vizuri. Sheria inasema watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana. Itadhaniwa! Dhana hiyo inaweza kukanushwa, na siku ya kuikanusha mara nyingi ni siku ambayo mmoja wenu hayupo kujibu. Waliooana kimila nao wana wajibu wa kwenda kuandikisha ndoa ndani ya siku 30. Najua wangapi wameenda katika ukoo wangu. Hakuna.

Wiki tatu zikapita. Aliyesoma notisi kwa makini alikuwa mmoja tu, jirani yetu aliyekwenda bomani kwa shughuli ya kiwanja. Kufika jioni Ujiji nzima inajua tarehe. Pingamizi halikuja. Siku ya kumi na nne mdogo wangu alianza kwenda mwenyewe kuuangalia ule ubao, asubuhi asubuhi, kwa kisingizio cha kununua vocha. Nilimuuliza anaogopa nini. Akasema haogopi, ila kuona jina lake pale nje, kila mtu akiruhusiwa kusema lolote, kunamfanya ajiulize kama kuna anachopaswa kusema yeye mwenyewe. Jioni ile alikaa na wifi kwenye ngazi za nyumba mpaka usiku. Sikusikia walichozungumza, na asubuhi wifi alikuwa mwekundu macho lakini anaimba. Kuna madeni ya Dar, nadhani. Au kuna msichana wa zamani. Hayanihusu.

Ijumaa ya siku ya 26 tulikuwa bomani saa tatu. Mashahidi wawili: upande wa wifi kaka yake mkubwa, upande wetu wazee walitaka mjomba. Mama mkubwa akasema yeye. Akasema mara moja tu, na mjomba akaona kofia yake inahitaji kunyooshwa.

Ibada ya serikali ni fupi hata inakutia aibu kwa nguo ulizoshona. Maneno ya kukubali, mmoja, mwingine. Akaulizwa kama ni kwa hiari, akasema ni kwa hiari. Akaulizwa wifi, akasema kwa hiari, na kwa sauti ya kusikika mwaloni. Nilimtazama mama mkubwa wakati wa swali hilo. Alikuwa anawatazama midomo.

Zamu ya mashahidi ikafika. Mama mkubwa alijifunza kuandika kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, akiwa tayari mama wa watoto wawili, na tangu hapo haweki dole gumba mahali popote. Akavuta kile kitabu, akaandika majina yake matatu, herufi moja moja, sote tumesimama. Kaka wa wifi alitia saini ya haraka, kama kamba.

"Kitabu hiki kinabaki hapa?" mama mkubwa akauliza.

"Kinabaki, mama. Na taarifa inakwenda kwa Msajili Mkuu."

"Kikiungua?"

Mama wa bomani akatabasamu. "Ya Msajili Mkuu ipo."

Mama mkubwa akafikiri, akaridhika nusu.

Nje vigelegele vilianza, gari la kukodi linapiga honi, mjomba anataka tuwahi pilau kabla ya sala ya Ijumaa. Mama mkubwa akashika mkono wa wifi akasema hakuna kula kabla ya kutoa kopi. Tukavuka barabara, msafara mzima, maharusi, maua na watoto, tukaingia kwenye duka la stesheneri lenye mashine moja. Akaomba kopi tatu, akalipa mwenyewe, fedha kutoka kwenye pindo la kanga. Mbili akampa wifi. Ya tatu akaikunja mara nne.

"Hiyo ya nani, mama mkubwa?" mdogo wangu akauliza.

"Hii ya kwangu," akasema, akaifunga kwenye pindo pale zilipotoka fedha.